Ngoma tatu, spika sita: programu gani ya DVD itafaa?

Swali: "Fundi, habari ya kazi. Mimi hupiga video za harusi na kwaya hapa Kakamega. Kikundi kimoja cha isukuti, ngoma yetu ya asili, cha upande wa Shinyalu kimeniomba nikitengenezee DVD ya dakika tisini. Wanataka mtu akiicheza sebuleni asikie ngoma zikimzunguka, si sauti ya kutoka kwenye TV peke yake. Nina laptop ya Windows. Nimesoma kwamba kuna programu za kutengeneza DVD zenye enkoda ya 5.1 (chombo cha kusimba sauti ya spika tano na moja ya besi) ndani yake, ila zingine ni ghali na zingine sijui kama zinafanya zinachodai. Ninunue ipi?"

Ndugu yangu, usinunue chochote kwanza. Kazi hiyo unaweza kuimaliza kwa programu za bure, na naamini itatoka safi kuliko ukiikabidhi programu moja inayodai kufanya kila kitu. Nitaeleza sababu kwa kirefu kidogo, maana ukiielewa hutayumbishwa na tangazo lolote.

DVD ya video ina masharti yake, na deki haina huruma kwa anayeyavunja. Picha lazima iwe MPEG, na kwa ubora tunaoutaka ni MPEG-2. Sauti lazima iwe ya kilohezi 48; mara mbili yake, 96, inaruhusiwa kwa PCM tu. Kwa diski za PAL, ambao ndio mfumo wetu Kenya, kila deki inatakiwa kusoma PCM isiyobanwa, MPEG ya kawaida, au AC-3, ile ambayo watu huiita Dolby Digital. DTS, umbo jingine la sauti ya spika nyingi, nayo inaruhusiwa, lakini ni nyongeza, na deki nyingi za bei nafuu zikikutana nayo hukaa kimya. Kwa hiyo ukitaka spika sita zifanye kazi katika nyumba nyingi iwezekanavyo, mlango wako ni AC-3. Kikomo chake kwenye DVD ni kilobiti 448 kwa sekunde. Enkoda ikikupa chaguo la 640, usilichague: hilo ni la Blu-ray, na liko nje ya kanuni za DVD.

Pengine utauliza kwa nini tusiweke chaneli sita bila kuzibana kabisa. Piga hesabu. Chaneli moja ya PCM ya kilohezi 48 na biti 16 hula kilobiti 768 kwa sekunde. Sita ni megabiti 4.6. Diski nzima, picha na sauti pamoja, hairuhusiwi kuzidi megabiti 10.08, na ukitaka dakika tisini zitoshe kwenye diski ya kawaida hata hiyo huifikii. Hata stereo ya PCM peke yake, megabiti 1.5, ni zaidi ya mara tatu ya AC-3 yenye chaneli zote sita. Ndiyo maana enkoda ya AC-3 ni chombo muhimu, na ndiyo maana wauzaji wanaitangaza kwa herufi kubwa.

Sasa tuje kwenye matangazo hayo. Programu inayodai kuwa na Dolby Digital yaweza kuwa ya aina moja kati ya tatu. Ya kwanza haina enkoda. Inapokea faili ya AC-3 uliyokwisha kuitengeneza kwingine na kuipakia kwenye diski kama ilivyo. Ya pili ina enkoda, lakini ya stereo peke yake: ukiipa chaneli sita inazikandamiza kuwa mbili, na mara nyingi haikuambii. Ya tatu ndiyo inayosimba chaneli zote sita. Maelezo ya nje ya zote tatu hufanana, na tofauti utaikuta ndani kabisa ya ukurasa wa vipimo vya kiufundi.

Adobe Encore, programu ya kutengeneza DVD, ni mfano mzuri wa kukuonya. Toleo lake la mwisho lilikuwa la CS6, mwaka 2012, na bado utaiona kwenye laptop za studio nyingi ndogo kwa sababu menyu zake ni nzuri mno. Ilipokea AC-3 ya 5.1 bila shida, lakini yenyewe ilisimba Dolby ya stereo tu. Wahariri wa Premiere, programu ya Adobe ya kuhariri video, waliotaka 5.1 walitegemea programu-jalizi ya SurCode kutoka kampuni ya Minnetonka: ulipewa majaribio matatu, kisha ulipie. Watu wengi waliamini wametoa diski za 5.1 kumbe wametoa stereo.

Iliyokuwa na mpangilio mzuri zaidi kwa Windows, kwa maoni yangu, ni Vegas ikiandamana na DVD Architect. Unahariri na kuchanganya 5.1 ndani ya Vegas, unatoa AC-3 ya chaneli sita palepale, kisha DVD Architect inaipokea bila kuisimba upya. Zilikuwa za Sony hadi 2016 zilipouzwa kwa Magix. Kama una rafiki mwenye leseni halali ya zamani na anafanya kazi nayo, mwombe mfanye pamoja. Lakini kuitafuta leo kwa ajili ya diski moja, sioni haja. Upande wa Apple kulikuwa na DVD Studio Pro, iliyosimama 2011. Compressor yao bado inatoa AC-3 ya 5.1, ila wewe huna Mac, basi tuyaache.

Na tafadhali, zile programu za bei ghali zilizovunjwa ambazo huuzwa kwenye flashi kwa shilingi chache, usiziguse. Laptop yako ndiyo jembe lako. Kirusi kimoja kikila picha za harusi ya mtu, hakuna wa kukurudishia siku ile.

Njia ninayokushauri ni kutenganisha kazi mbili: kusimba sauti kivyake, kutengeneza diski kivyake. Kwa kusimba, tumia FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri. Ni ya bure, na hataza za AC-3 zilimalizika mwaka 2017, kwa hiyo huibi jasho la mtu. Ukishakuwa na mchanganyiko wako katika faili moja ya WAV yenye chaneli sita, amri ni hii:

ffmpeg -i isukuti.wav -c:a ac3 -b:a 448k -ar 48000 isukuti.ac3

Basi. Faida kubwa ya kutenganisha si ile pesa unayookoa. Ni kwamba unapata faili ambayo unaweza kuifungua, kuipima na kuisikiliza kabla haijaingia kwenye diski. Enkoda ikiwa imefichwa ndani ya programu ya DVD, utajua kilichotokea baada ya kuchoma, na wakati huo mteja yuko mlangoni. Ifungue faili yako kwa VLC, ukatazame maelezo ya kodeki: sehemu ya chaneli inapaswa kuandika 3F2R/LFE, yaani spika tatu mbele, mbili nyuma, na ya besi. Ukiona Stereo, rudi nyuma. MediaInfo, ambayo pia ni ya bure, itakuonyesha kasi ya biti na mpangilio wa chaneli.

Kwa kutengeneza diski yenyewe, chukua DVDStyler. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, inatengeneza menyu na sura, na inapokea AC-3. Ina mtego mmoja ambao lazima uujue. Katika sifa za kila video utaona upande wa sauti kuna umbo la chanzo na umbo la matokeo. Hapo kwenye matokeo chagua kunakili, palipoandikwa "copy". Usipofanya hivyo, inaweza kuisimba upya sauti yako kwa umbo ililopangiwa kwenye mradi, na kama mradi umewekwa MP2 (ile MPEG ya kawaida), ngoma zako zinazozunguka zimekwisha. Kwa programu yoyote ya DVD, hiki ndicho kipimo changu cha kwanza: je, itaiacha AC-3 yangu bila kuigusa? Ikishindwa hapo, sina haja na enkoda yake hata iwe nzuri vipi.

Hayo ya programu yametosha. Jambo linalonisumbua zaidi katika swali lako ni ambalo hukulitaja: ulirekodi vipi? Kama sauti yote ilitoka kwenye maiki ya kamera, una chaneli mbili tu, na hakuna enkoda duniani itakayokutengenezea nyingine nne za kweli. Kuna vichujio vinavyosambaza stereo nyuma, lakini kwenye ngoma hutoa mwangwi wa bandia unaochosha sikio. Afadhali stereo safi. Kama bado hujarekodi, au kikundi kiko tayari kurudia, basi tuna kazi ya kufurahia.

Isukuti imepangwa tayari kwa ajili ya kazi hii. Ngoma ni seti ya tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma. Kiongozi anaimba, wengine wanaitikia, wanaume safu yao na wanawake safu yao. Hii ni ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa hiyo unachorekodi ni kumbukumbu ambayo wajukuu wa hao wapigaji wataihitaji. Kirekodi cha nje chenye chaneli nne au zaidi unaweza kukikodi. Weka maiki moja karibu na ngoma kubwa, moja ishike hizo nyingine mbili, moja kwa kiongozi, na mbili zilizosimama mbali nyuma ya waitikiaji zikiwa zimeachana. Hizo mbili za mbali ndizo zitakazokuwa nyuma ya msikilizaji. Kama kirekodi kina nafasi nne tu, acha ile ya ngoma mbili, lakini zile za mbali usiziache. Uwanja wenyewe, vigelegele, miguu ikikanyaga ardhi, ndivyo vinavyomfanya mtu ajione yuko Shinyalu, kuliko ngoma kurushwarushwa kutoka spika hii hadi ile.

Katika kuchanganya, DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video na sauti, itakupa meza ya kuchanganyia 5.1. Sauti ya kiongozi iweke katikati, na kidogo kushoto na kulia. Ngoma ziwe mbele, zimetandazwa. Nyuma weka zile maiki za mbali, kwa kiasi.

Halafu chaneli ya besi, ile ".1". Hapa ndipo kazi nyingi za ngoma huharibika. Chaneli hiyo hubeba sauti za chini ya hezi 120 hivi, na mtu mwenye ngoma kubwa hushawishika kuitupa yote humo ili wufa itikise madirisha. Usifanye hivyo. Deki inapocheza diski yako kwenye TV ya kawaida, inakunja chaneli sita kuwa mbili, na katika kukunja huko chaneli ya besi kwa kawaida huachwa nje kabisa. Ngoma kubwa ikiwa imekaa humo peke yake, nyumba zote zisizo na spika sita hazitaisikia. Ngoma kubwa ikae mbele, kamili. Besi ipewe kionjo cha kuongezea tu. Ungetoa diski bila chaneli hiyo ya besi kabisa, ngoma ingali inasikika vizuri.

Angalia pia mpangilio unapotoa WAV. FFmpeg inatarajia utaratibu wa WAV: kushoto, kulia, katikati, besi, nyuma kushoto, nyuma kulia. Programu nyingine hutoa kwa utaratibu wa sinema: kushoto, katikati, kulia, nyuma mbili, besi mwisho. Ukichanganya hizo mbili, kiongozi ataimbia upande wa kulia, ngoma za kulia zitahamia katikati, maiki ya nyuma kushoto itahamia kwenye besi na hapo itakatwa, na utahangaika siku nzima ukilaumu waya. Tengeneza faili fupi ya majaribio ambapo unataja kwa sauti yako jina la kila spika, moja baada ya nyingine, uipitishe njia nzima hadi kwenye diski.

Kuna mpangilio mmoja zaidi unaowatesa watu: kiwango cha mazungumzo kinachoandikwa ndani ya AC-3. Ni namba inayoiambia deki ipunguze sauti kiasi gani. Enkoda nyingi za kulipia huja zikiwa zimewekwa kwenye -27, na deki hushusha sauti kwa desibeli 4. Ukiweka -31 haishushi kitu. FFmpeg yenyewe huanza na -31. Ukitumia Vegas, badilisha uweke -31, na zile profaili mbili za kubana tofauti ya sauti, ambazo huja kwenye "Film Standard", uziondoe zote mbili. Ziliwekwa kwa ajili ya filamu, ili mazungumzo yasikike usiku bila kuamsha watoto. Kwenye isukuti zinakata kichwa cha kila pigo la ngoma.

Sasa nakuomba uweke nyimbo mbili za sauti kwenye diski, yaani onyesho lilelile katika michanganyiko miwili ya sauti. DVD inaruhusu hadi nane. Ya kwanza iwe stereo uliyoichanganya mwenyewe kwa masikio yako, AC-3 ya kilobiti 192. Ya pili iwe 5.1. Najua kikundi kitataka 5.1 itangulie kwa sababu ndiyo fahari yao, lakini nyumba nyingi hapa kwetu zimeunganisha deki na TV kwa zile waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, na waya hizo hubeba stereo tu. Wengi wao watasikia kile kinachocheza kwanza na hawatagusa rimoti. Wape stereo nzuri, na kwenye menyu weka kitufe kikubwa cha 5.1 kwa mwenye seti kamili. Wakati wa kuandika lugha ya kila wimbo wa sauti, utaona DVD inakubali vifupi vya herufi mbili tu. Kiisukha na Kiidakho havina, kwa hiyo acha pasipotajwa, usiandike Kiingereza.

Kasi ya biti ya picha ikokotoe hivi. Diski ya kawaida ina baiti bilioni 4.7, sawa na biti bilioni 37.6. Dakika tisini ni sekunde 5,400. Gawanya, upate karibu megabiti 6.96 kwa sekunde. Acha nafasi kidogo ya vichwa vya faili na menyu, tuseme ubaki na 6.6. Toa 0.448 ya 5.1 na 0.192 ya stereo, ubakie na kama 5.9. Ukiiweka picha kwenye wastani wa 5.7 utakuwa salama, na hiyo ni picha nzuri sana kwa DVD. Kamera iweke fremu 25 tangu siku ya kurekodi. Simu nyingi hupiga 30, na kugeuza 30 kuwa 25 hufanya hatua za wachezaji zirukeruke.

Kabla ya kuchoma nakala hata moja ya kuuza, choma DVD-RW, inayofutika. Kisha tafuta nyumba tatu tofauti: moja yenye TV na waya tatu, moja yenye hom thieta iliyo na deki yake ndani, na moja yenye deki iliyounganishwa na amplifaya kwa waya wa dijitali, koaksia au wa mwanga. Kwenye hiyo ya tatu, ingia kwenye mipangilio ya deki. Sehemu ya SPDIF, yaani sauti ya dijitali inayotoka, lazima iwe RAW (ipite kama ilivyo). Ikiwa PCM, amplifaya itapokea stereo hata diski yako iwe kamilifu. Na uwe mwangalifu na seti ambazo zina spika tano na wufa lakini nyuma zina matundu mawili tu ya kuingizia sauti: hizo hurudia stereo ileile kwenye spika zote. Mtu mwenye seti hiyo atakuambia 5.1 yako ni nzuri sana, na hutajifunza chochote.

Kwenye kasha unaweza kuandika "sauti ya 5.1", lakini usiweke alama ya Dolby yenye D mbili, hiyo ni alama ya biashara inayohitaji leseni. Na kwa kuwa kikundi kinakusudia kuuza, wapitie KECOBO (bodi ya hakimiliki) kuhusu haki zao na KFCB (bodi ya uainishaji wa filamu) kuhusu uainishaji wa video mapema, kabla nakala hazijachapwa. Majina ya kiongozi na wapiga ngoma yaandikwe kwenye menyu pia, si kwenye kasha peke yake, maana makasha hupotea.

Ukishachoma hiyo ya majaribio, niandikie aina ya deki katika kila nyumba, waya uliotumika, na ile sauti yako ya kutaja spika ilitokea wapi. Kama kiongozi atasikika upande, nitumie na picha ya ukurasa wa MediaInfo.